Silvesta Wafula, Mpiga Hesabu wa Mchanganyiko wa Petroli

Ndugu na marafiki mliokusanyika hapa Abu Hamour, Doha, kabla ya mwili kusafirishwa nyumbani, tunayemuaga ni Silvesta Wafula Barasa, aliyezaliwa Kimilili tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa tatu wa Mama Rosa Nekesa na marehemu Mzee Barasa, na haya anayoyasoma dadake, Nasimiyu, ni yale ambayo familia imeweza kuyaelewa.

Alisoma Kimilili, akahitimu ualimu wa hisabati mwaka 2007, akafundisha kidato cha nne, akichora mistari ubaoni na kutia kivuli upande usiotakiwa, hadi ikabaki sehemu ndogo isiyo na kivuli, yenye jibu. Tarehe 12 Desemba 2009 alimwoa Miriam, wakajaliwa Trevor na Stacy.

Juni 2013 alikuja Doha kuwa mlinzi wa bohari ya mafuta, akilala mtaa wa Industrial Area katika chumba cha watu sita, na mwaka 2017 Bwana Henry wa ofisi ya mipango alimkuta getini akipiga hesabu zilezile za ubaoni kwa kalamu, akamhamishia ofisini, ambako alitafuta kwa kompyuta namna ya kuchanganya petroli za aina mbalimbali kwa gharama ndogo kabisa, bila kuvunja sharti hata moja la ubora. Nyumbani tuliendelea kusema analinda geti, maana kila alipotueleza tulipotea njiani, naye akacheka.

Februari 2025 takwimu zilezile zilianza kumpa majibu tofauti, asubuhi hili, mchana lile, akaishuku kompyuta, ikabadilishwa, hali ikabaki vilevile. Tarehe 4 Machi, tangi likisubiri kujazwa, Henry alimwambia, "Silva, mimi napata jibu moja tu, ni wewe unayeandika takwimu tofauti," naye akasema, "Basi msifungue valvu, na mtu mwingine akae hapa, mimi simwamini tena huyu Silvesta." Hospitalini alionekana ana uvimbe kwenye ubongo.

Mwezi Julai alimpigia Miriam simu akamwuliza wana watoto wangapi, Miriam akadhani ni mzaha, akajibu watano, naye Silvesta akashukuru, akaomba atajiwe majina, na hadi leo Miriam hajui kama siku ile alitaniana na mumewe au alimdanganya.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na miaka arubaini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, alikohamia baadaye, waliomrudisha mlangoni kila alipopotea, na wafanyakazi wenzake waliokuja kutueleza kazi yake, kila mmoja kivyake, tukazidi kuchanganyikiwa. Mama bado anauliza mwanawe alifanya nini huku miaka yote hiyo, na Nasimiyu atakaa naye amweleze kadiri atakavyoweza.

Wafula wetu, umechoka, pumzika sasa kwa amani.