Daraja la Seneta Satrinius

Benchi letu liko nje ya duka la mvinyo la Mama Ammia, mtaa wa Subura, barabara inapopinda kuelekea kwa wafua nguo. Asubuhi ile walikuwa wamesimamisha sanamu ya Seneta Satrinius katika Foro, uwanja mkuu wa mji. Chongo, aliyepoteza jicho akiwa askari wake kule mto Danubi, alikuja akitokea huko. Dobi alikuwepo, ananuka mkojo, ndio sabuni yao ya kufulia, kama kawaida yake. Na Wakili, ambaye hajawahi kushinda kesi.

— Wamemvika taji! Chongo akafoka. Yule aliyechoma daraja watu wake wangali ng'ambo!

— Taratibu, baba, Mama Ammia akasema, anamimina mvinyo wa moto. Kuta zina masikio.

— Acha zisikie!

— Kisheria, Wakili akaanza, kamanda akizidiwa anaokoa wachache. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha maiti? Chongo akauliza. Ujinga huo unaupata hapa au unatoka nao nyumbani?

— Hebu nisikilizeni, Dobi akadakia. Alitaka uhazini, akapewa. Ujaji, akapewa. Jeshi, akapewa. Nguo zake nafua mimi, hazijawahi kuwa na tone la damu. Huyo hakufika Danubi! Alituma mtumwa anayefanana naye!

— Alifika, Chongo akasema. Nilimwona juu ya farasi, anatafuna zabibu kavu, daraja linawaka.

— Basi aliwauzia washenzi hilo daraja!

— Daraja lililoungua linauzwaje, Dobi?

— Majivu! Wanayaabudu!



— Na sasa anapewa jimbo zima la Asia alitawale, Wakili akasema. Mvumilivu hula mbivu.

Chongo akamtupia kikombe. Kikamkosa, kikapasuka ukutani.

Ndipo tukamwona mama mmoja amesimama kando, kajitanda shuka nyeusi, miguu imejaa vumbi la safari. Alikuwa amesikia yote.

— Baba, ulikuwepo darajani siku ile?

— Nilikuwepo, mama. Nilikuwa nimeshavuka.

— Mwanangu Firmio hakuvuka. Vita vilipokwisha, nani alirudi kuwazika?

Chongo akainama, akaanza kuokota vipande vya kikombe. Dobi akasogea kumpisha yule mama akae.

Hakukaa. Alisimama palepale, anamtazama Chongo, anasubiri.