Bibi Alituacha Kwenye Ng'

Ndugu zangu, uvumilivu wangu uliisha kwenye mkutano wa kijiji, mtoto akiwa mgongoni. Nilikuwa nimeomba ufunguo wa darasa la watu wazima. Katibu wa kijiji akanijibu mbele za watu: "Binti aliyefukuzwa shule kwa mimba atawafundisha mama zetu nini? Kuzaa?"

Watu wakacheka. Wengine mliocheka mmekaa hapa, nawaona.

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Kuzaa wananishinda. Nitawafundisha kusoma barua zao wenyewe, wasikuletee wewe uzijue kabla yao."

Sasa nieleze nilifikaje pale. Nilifukuzwa kidato cha tatu. Baba hakutaka hata kuniona. Bibi yangu, mwalimu mstaafu, alinifungulia mlango, akanitazama tumbo, akasema, "Mimba haikai kichwani. Ingia, kuna kazi."

Kazi ilikuwa darasa lake, alilolianzisha serikali iliposema kila mtu mzima asome. Chaki zilikuwa haba, kwa hiyo kila mama alikuja na ungo na maharage, akapanga herufi punje kwa punje. Bibi alipoanza kuumwa kifua, nikashika darasa mimi. Nikirudi ananihoji pale kitandani kama mkaguzi: "Umewaharakisha tena?"

Alipofariki, nililala. Nawaambia ukweli, mtoto alilia nikamsikia kama wa jirani. Wiki ya tatu akaja mwanafunzi wake mmoja, mama mtu mzima kuliko wote, na ungo wake kichwani. Pole hakunipa.

"Mwalimu," akasema, "bibi yako katuacha kwenye ng'. Ngano tumevuka. Ng'ombe bado. Nani atatuvusha?"

Sikuwa nimewahi kuitwa mwalimu na mtu. Nikanawa uso, nikambeba mtoto, tukaenda. Chumba tulikikuta na kufuli, ndani mifuko ya mbolea. Ofisini, kwenye daftari la mahudhurio, katibu kaandika: *limefungwa, hakuna mwalimu*. Ndipo nikaenda mkutanoni, na yaliyotokea mmeyasikia.

Ufunguo sikupewa. Nakushukuru mama uliyetupa baraza lako tusomee. Nawashukuru mnaokuja hata mvua ikinyesha, nawe unayenishikia mtoto nikiwa mbele ya darasa. Bila ninyi ningekuwa bado nimelala. Nililojifunza ni hili: ukidharauliwa kwa mdomo, jibu kwa karatasi. Jumatatu nilishuka Lushoto na barua kwa afisa wa elimu ya watu wazima, karani akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Nawasomea:

"YAH: MALALAMIKO YA KUFUNGIWA DARASA LENYE MWALIMU. Nimefundisha darasa hili tangu marehemu bibi yangu alipougua. Naomba mbolea iondolewe, ufunguo urudishwe, na jina langu liandikwe kwenye safu ya mwalimu. Kama ipo kanuni inayomkataza mama mwenye mtoto kufundisha, naomba nionyeshwe ilipoandikwa. Naweza kusoma."