Bawa Lililoanikiwa Tangawizi

Sikilizeni wanangu, na wewe Anderson acha kutazama mlango, maana hutoki humu mpaka nimalize, na pumzi iliyonibakia si ya kuwabembeleza. Mnasema nina hasira kwa sababu ya homa. Homa gani! Nina hasira kwa sababu jana, nilipopitiwa na usingizi, wewe na mkeo Koleta mlitoa bawa la ndege yangu ya mfano mkaliweka uani, mkaanika tangawizi juu yake, eti mvua imelowesha mikeka na ubao ule ni mweupe, ni safi. Ubao! Mti mwepesi namna ile, ukitwikwa mzigo mbichi na kupigwa jua mchana kutwa, utaacha kupinda?

Mnanong'ona kwamba mzee anachezea vitu vya watoto. Semeni tena nikiwa nasikia. Boksi lile la ndege marehemu kaka yenu Melkizedeki aliliteremsha kwenye basi pale Same, akapanda nalo mlimani kwa bodaboda amelikumbatia kama mgonjwa, tukalifungua mezani, tukakuta vipande vyembamba vya mti na mchoro mrefu kuliko kitanda hiki. Tulikata, tukapiga msasa, tukaunga ubavu mmoja mmoja kwa gundi. Bawa la kushoto ni kazi ya mikono yake. Alama ya kidole chake imegandia pale kwenye gundi, na leo inanuka tangawizi. Nyinyi mlimlilia, mkarudi shambani. Mimi nilirudi mezani.

Basi shikeni neno langu. Shamba la juu, lenye mfereji, ni la binti yangu Victoria, na asije mtu akamwambia ameolewa. La chini pamoja na nyumba hii, chukua Anderson, ila chumba hiki kisigeuzwe stoo ya magunia; nimekuona ukikipima kwa macho, na mimi bado napumua humu! Mnilaze karibu na Melkizedeki, na hotuba ziwe fupi.

Ndege mlidhani nitampa Victoria. Simpi. Ni yako, Anderson, wewe uliyeiharibu, na utaimaliza. Usinishukuru, bado nimekasirika.

Leteni hilo bawa hapa kitandani. Victoria, shika birika, pitisha mvuke chini yake, polepole... hivyo. Linarudi, mnaona? Sasa gundi, hapo kwenye ufa. Bana, Anderson. Si kwa nguvu, mwanangu. Kidole chako kiweke hapo... hapo kwenye alama yake. Kinaenea.

Mungu awabariki... nyote, hata Koleta na tangawizi yake. Mashamba yazae. Msigombane... mbele ya watoto. Nimechoka sasa. Gundi hii haitaki haraka. Shika hivyohivyo, Anderson... usiachie mpaka nikwambie.