Kinue Hatakeyama na Maumivu ya Ukoo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka jirani yetu wa hapa hapa Yokote, Kinue Hatakeyama. Kinue ametutoka wiki iliyopita kwa nimonia. Ameacha mume, Rokuro, na mjukuu wa miaka minane, Honami.

Tangu utotoni Kinue aliumwa miguu kila baridi ilipokaza. Maumivu ya kumliza mtu mzima. Alipoolewa, wakwe walimwita mvivu wa kuzoa theluji. Kisha Honami naye akaanza kuumwa, na mwalimu akamwambia aache kudeka. Hapo Kinue akaapa: huyu mtoto ataaminiwa.

Akamtafuta daktari Ukai, mtafiti wa maumivu yanayorithiwa.

"Mama, damu yako peke yake haitoshi," daktari akasema. "Naomba ya ukoo."

Ukoo ukagoma. Nani ataoa kwenye ugonjwa wa kurithi? Kaka mkubwa, Katsuji, mwenye binti wa kuozwa, ndiye aliyegoma zaidi.

Mwaka mpya ukafika. Wote wameizunguka meza yenye joto, miguu chini ya blanketi lake, wanakula machenza. Nje theluji inaanza.

"Kwetu hakuna mgonjwa," Katsuji akasema. "Ni wewe tu na madeko yako."

Kinue akalinyanyua blanketi. Shangazi, wapwa, Katsuji mwenyewe: mkono mmoja una chenza, mwingine unasugua goti.

"Na huo mkono, kaka? Unatafuta mbegu ya chenza?"

Shangazi alicheka hadi akapaliwa.

"Funika bwana, baridi inaingia!" Katsuji akafoka.

Lakini damu alitoa. Wote walitoa. Ndani yake daktari Ukai akaikuta jeni moja yenye kasoro. Rokuro, ambaye shule hakwenda mbali, anaieleza hivi: "Kengele inalia, moto hakuna."

Wakubwa wa taasisi ya utafiti ya daktari Ukai wakapanda jukwaani kuutangaza ugunduzi, wakapigwa picha. Kisha utafiti wa dawa wakausimamisha, na daktari Ukai wakamhamisha. Rokuro hajawasamehe. "Njia ya kuifikia damu ya mke wangu waliijua. Ya kufika nyumbani kwake hawakuijua." Msibani lilifika shada la taasisi, jina la mkurugenzi limeandikwa kubwa. Rokuro alilibeba mwenyewe, akaliweka mlangoni, kwenye viatu vya wageni.

Siku ya mazishi watu wamepiga magoti mbele ya picha ya Kinue, kama adabu inavyotaka. Baridi kali. Honami anasugua miguu, machozi ya maumivu yanamtoka. Katsuji, mbele ya wageni, mbele ya wakwe watarajiwa wa bintiye, akasema kwa sauti:

"Honami, nyoosha miguu, mjukuu wangu. Hata mimi inaniuma. Sisi ndivyo tulivyo."

Akanyoosha yake kwanza. Shangazi akafuata. Mwalimu wa Honami, aliyekuja kutoa pole, akautoa mto aliopigia magoti, akamwekea mtoto chini ya miguu.

Rokuro, Honami, ukoo mzima, poleni sana. Kinue apumzike. Wakubwa, kama mnatusikia, dawa bado tunaingoja. Nasi, wasikilizaji wapendwa, nyumbani mwetu yupo anayeumwa na kunyamaza. Tumuulize leo. Akisema, tumwamini.