Balbu za Horst

Kwenye tramu ya Leipzig, karibu na kigari cha mwanangu, bibi mmoja alibishana na kijana aliyebeba boksi la taa mpya. "Serikali inakatazaje balbu za zamani? Bili nalipa mimi!" Kijana akacheka: "Bibi, zile zinakula umeme na kutoa joto tu." "Basi joto ndilo nilitakalo. Marehemu mume wangu Horst alinunua mia tatu kabla ya marufuku. Alisema zitatutosha wawili hadi kufa." "Na bado zipo?" "Tele. Siku hizi nawasha chumba kimoja tu." Kijana akalisogeza boksi lake ili bibi apate njia. Tramu iliposimama bibi akashuka, akatupungia. Nikauinua mkono wa mwanangu, tukampungia mpaka mlango ukafungwa.