Korosho za Makumbusho

Kijiwe chetu kipo Masasi, nyuma ya stendi: ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Kahawa ni yangu mimi, Silvano, ninayewavumilia hawa watu kuliko wake zao. Asubuhi hiyo hata mpira haukuzungumzwa. Nikolao, tunayemwita Shabaha, juzi alitembelea makumbusho mapya ya michezo, lile ghala la zamani lililojazwa mabao ya kete, magari ya waya na mipira ya matambara, ambako mgeni anaruhusiwa kushika kila kitu na kukichezea. Alipofika kwenye mchezo wa kulenga korosho akaangusha mstari mzima, akajaza mifuko, akaondoka zake. Mlinzi akamfuata mpaka getini akipiga kelele za mwizi, na mama mkwe wa Nikolao alikuwa pale pale anachagua nyanya. Sasa Nikolao ametuletea korosho zenyewe kwenye bakuli, zimeshachomwa na kubanguliwa, tumsafishe jina huku tunatafuna.

— Semeni, mimi mwizi? alianza Nikolao. Tangu juzi mama mkwe haitikii salamu yangu.

— Mwizi wapi! alidakia Optatus, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa shahidi mahakamani mara mbili. Kibao cha mlangoni kimeandikwaje?

— Karibu. Shika. Cheza.

— Umeshika?

— Nimeshika.

— Umecheza?

— Nimecheza, tena sana!

— Basi kesi imekwisha. Kwenye korosho, unayoiangusha ni yako. Sheria hiyo ilikuwepo kabla ya wilaya. Wangetaka zibaki, wangepanga mawe.

Mujibu, muuza dawa za mifugo ambaye kwa hiyo ni Daktari wetu, alichukua tatu akazinusa, akatia moja mdomoni.

— Mimi wizi haunisumbui, inanisumbua dawa. Vitu vya makumbusho vinapakwa dawa ili visizeeke.

— Mbona unakula sasa?

— Nina miaka hamsini na tisa, ulitaka nizeeke?

Baada ya hapo kila mkono ulikwenda bakulini. Wangu pia, sifichi.

— Halafu oneni, alisema Wakili mdomo umejaa. Tukishazila hizi, makumbusho yamehamia kwetu. Historia yote ya mchezo iko tumboni. Mtalii akiitaka, aje alipe kiingilio hapa kwenye ubao.

— Nani alipe kuangalia tumbo langu?

— Wewe Daktari tutakuweka nyuma ya kioo.

— Afadhali. Kwangu hata dirisha sina.

— Nyie mnacheka, alisema Nikolao, na sauti yake haikuwa na utani. Yule Bibiana, mkuu wa makumbusho, kaniambia anakuja mwenyewe leo. Jina la mwizi nitakwenda nalo wapi mimi?

— Mpige sheria tu, alisema Wakili. Yule mtu wa kuja, Kiswahili chake cha redioni, korosho anazijua za kwenye pakiti. Hatakuwa na la kusema.

Wakati tunamaliza bakuli, Bibiana akatokea, miwani usoni.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

Nikolao alisimama kama anaapishwa.

— Mama, unayoiangusha ni yako! Ndiyo sheria!

— Kweli kabisa, baba. Mlinzi wetu amekosea. Nimeshampeleka kwa mama mkwe wako akaombe radhi.

Nikolao nusura anikumbatie na birika langu. Wakili alijipigapiga kifua utadhani ushindi ni wake.

— Ila umeisema nusu, aliendelea Bibiana. Mimi wa Chiwata hapo jirani, nimecheza korosho tangu sina meno ya mbele. Aliyeshindwa ana haki ya kukomboa. Mshindi anazirudisha mstarini, mwenzake anazilenga. Akikataa, kwetu huyo ndiye mwizi. Au Masasi mnacheza vingine?

— Hatuchezi vingine, alisema Nikolao polepole.

Bibiana alivua viatu. Alichora mstari mchangani kwa kidole cha mguu, akahesabu hatua kumi kurudi nyuma, akatoa kwenye pochi korosho moja kubwa ya kutupia. Mtu wa kuja, eti! Nilimtazama Wakili kwa hasira.

— Haya baba, panga zako. Ziko wapi?

Daktari alimeza aliyokuwa bado anatafuna. Nikolao alimgeukia Wakili, na Wakili aliniomba nimwongezee kahawa.