Kazeni Gari Likiwa Chini

Wekeni spana, wanangu, mje hapa dirishani wote wawili, wewe kifunguamimba na wewe dada yake, na msiniambie "tunamalizia tu, baba", maana neno hilo nimewapa wateja maisha yangu yote na hakuna hata mmoja aliyelisadiki. Nina maneno ya kuwaachia, na pumzi yenyewe ni ya kuazima.

Najua mna haraka. Mama yenu yuko ng'ambo ya mlima akimuuguza dada yake, asubuhi mmempigia simu kwamba nimezidiwa, na magari ya kukodi yanaishia darajani, kwa hiyo ni pikapu yetu au hakuna. Bushi za mbele, ile mipira inayoshika mikono ya magurudumu, zimekwisha, gurudumu linacheza kama jino la mtoto, mmefanya vyema kuzibadilisha kwanza. Nimesikia mipira ya zamani ikitolewa kwa nyundo, nikasikia mipya ikiingia, nikafurahi. Kisha nikasikia spana inakaza, krrr, krrr, na gari bado liko juu ya stendi, magurudumu yananing'inia! Hapo ndipo nilipopiga kelele, kama ile sauti ya paka mnaweza kuiita kelele.

Legezeni. Mpira ukikazwa gari likiwa juu, likishuka unapindwa, na kwenye mawe yale utachanika mama yenu akiwa ndani. Rudisheni magurudumu, shusheni gari, litingisheni likae kwa uzito wake, ndipo mwingie chini mkaze.

"Itakula saa nzima, baba, na wewe..." Malizia, kifunguamimba, usiogope. Na mimi huenda sina saa nzima. Najua. Nimelala chini ya magari katika nchi ambazo nilijua matusi yake kabla ya salamu, na kote huko sijapata kuogopa nati kama ninavyoziogopa hizi mbili leo.

Kwa sababu hamsemezani. Tangu niliposema karakana na pikapu ni za dada yako, na duka la vipuri ni lako, na nyumba ni ya mama yenu, hujakanyaga karakana mpaka leo. Sibadilishi. Wewe unajua kuuza, yeye anajua kufungua, na mimi nilijua kuwazaa tu. Nawe binti, usichekee tumboni, nakuona. Jana uliniambia kaka yako hawezi kufunga hata kifuniko cha chupa. Nilicheka mpaka nikakohoa nikaona nyota. Usirudie.

Sikilizeni hofu yangu. Wewe utakaza kulia ukanuna, yeye atakaza kushoto akanuna, na gari litateremka mlima na nati ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameimaliza. Basi nawausia: mmoja akikaza, mwingine aishike kwa spana yake mwenyewe, na mtamke kwa sauti. "Nimekaza." "Nimeona." Leo, na kila gari litakaloingia karakana ile nikiwa sipo. Kaka mtu, wateja wakimletea dada yako kazi, njoo umkagulie. Dada mtu, akija, mpishe.

Mama yenu akinikuta... vizuri. Asiponikuta, mwambieni niliyemchelewesha ni mimi, wala si ninyi. Asije akawalaumu. Na mkirudi naye, mteremke polepole, hata akiwafokea kwamba mnaendesha kama mnabeba mayai. Atafoka. Namjua.

Nizikeni bila makeke. Ngoja... nivute pumzi.

Radhi zangu mnazo, wote wawili, sawasawa, hakuna aliyepunjwa. Mungu awatangulie barabarani, aibariki mikono yenu, awape watoto wanaowajibu, kama mlivyonijibu. Nendeni. Dirisha liacheni wazi.

...Limeshuka. Nimesikia springi zikilia. Litingisheni. Tena... Haya, ingieni chini.

Semeni kwa nguvu, wanangu, masikio yanaondoka.

Kulia, nimewasikia. Wote wawili.

Na kushoto?